Ghala la pamoja la faili za usakinishaji: bili ya intaneti imebaki palepale, lakini kompyuta zimetulia. Kwa nini?

#1 Karani_wa_Maabara (Morogoro)

Wakuu, salaam. Ninasimamia maabara mbili za kompyuta katika chuo cha kati, kila moja ikiwa na mashine 30. Nyingi zinatumia Windows 10, na chache bado ziko kwenye Windows 7 kwa sababu zimeunganishwa na vifaa vya kupimia udongo ambavyo draiva zake hazikuwahi kutolewa kwa mfumo mpya zaidi. Kwa miaka mingi kila fundi alitembea na fleshi yake, na kila fleshi ilikuwa na toleo lake la kila programu.

Mwanzoni mwa muhula uliopita tuliweka seva ndogo, tukafungua folda moja ya pamoja kwenye mtandao wa ndani, tukakusanya humo faili zote za usakinishaji, na tukaagiza kwamba programu yoyote isisakinishwe kutoka mahali pengine. Hoja niliyoitumia kumshawishi mhasibu ilikuwa bando: faili ipakuliwe mara moja, itumike kwenye mashine 60. Muhula umekwisha, mhasibu ameniwekea bili mezani, na haijapungua hata shilingi. Wakati huohuo daftari la malalamiko, ambalo zamani lilikuwa likijaa haraka, sasa linakaa wiki nzima bila kuandikwa kitu.

Ninatakiwa nieleze kwa maandishi faida ya seva ile, na sina jibu ninaloweza kulitetea. Faida halisi ya ghala la namna hii ni nini hasa? Ni bando, ni muda, ni usalama, au kuna jambo jingine lililotuliza kompyuta ambalo silioni?

#2 Nyaya_Tupu (Dar es Salaam)

Mkuu, kama mnalipia kifurushi kisicho na kikomo kwa bei ya mwezi, bili haiwezi kupungua hata mkizima intaneti mwezi mzima. Hapo mhasibu alipewa ahadi isiyowezekana. Kilichopungua ni msongamano, na msongamano hauonekani kwenye bili.

Piga hesabu. Chukua kifurushi cha ofisi chenye ukubwa wa GB 4 na mashine 30. Kila mashine ikijipakulia, hiyo ni GB 120. Kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni zaidi ya saa 13, na hapo ni kama hakuna mtu mwingine anayeigusa laini hiyo. Faili ikiwa kwenye seva ya ndani yenye swichi ya kawaida ya megabiti 100, mashine inaipata kwa dakika tano na sekunde chache. Faida ni muda, kisha ni hewa ya kupumua kwa watumiaji wengine.

#3 Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Ndugu yangu wa Dar anazungumza kama mtu aliyezaliwa juu ya faiba. Sisi katika hospitali yetu tunanunua data kwa GB, kwa hiyo kwetu bando ndilo jibu la kwanza na mhasibu aliliona mwezi uleule. Swali la Karani limekaa upande mmoja: faida ya ghala hubadilika kulingana na jinsi unavyolipia intaneti.

Nina sahihisho moja kuhusu hesabu yako. Dakika tano ni za mashine moja ikiwa peke yake. Mashine 30 zikivuta kwa pamoja kutoka seva moja yenye mlango mmoja wa megabiti 100, zote zinagawana mlango huo, na GB 120 zitachukua saa 2 na dakika 40 hata kama swichi ina milango 48. Kinachobana ni waya wa seva.

#4 Nyaya_Tupu (Dar es Salaam)

Sahihi kabisa. Ndiyo maana seva ya ghala hupewa mlango wa gigabiti moja hata kama maabara nzima imebaki na megabiti 100. Kwa gigabiti moja kazi hiyohiyo hushuka hadi dakika 16 hivi kinadharia. Baada ya hapo kitakachobana ni diski, hasa ikiwa ya kuzunguka, kwa sababu kichwa chake hukimbizwa huku na huko na mashine 30 zinazosoma sehemu tofauti kwa wakati mmoja.

#5 Bintikisauni (Mombasa)

Hamjambo. Nadhani nyote mmesimama kwenye kasi, ilhali Karani anauliza kuhusu utulivu. Katika shule ninayofundisha, ugonjwa mkubwa ulikuwa tofauti za matoleo. Mwanafunzi aliandika programu kwa lugha ya Python kwenye tarakilishi moja, akahamia nyingine, ikakataa kuendeshwa. Muundo wa `match`, kwa mfano, uliingia kwenye toleo la 3.10 mwaka 2021, kwa hiyo mwenye 3.8 huambiwa amekosea sarufi ilhali mwalimu ameandika msimbo uleule ubaoni. Mwanafunzi haripoti kwamba matoleo yanatofautiana. Anaandika kwamba tarakilishi namba saba ni mbovu.

Ghala lilipokuja, kila mtu alisakinisha kutoka faili ileile, na malalamiko ya aina hiyo yakatoweka yenyewe. Maelezo yangu, basi, ni usawa wa matoleo. Namshauri Karani akague hapo kwanza, na akumbuke kwamba zile mashine zake za Windows 7 haziwezi kupita Python 3.8, kwa sababu 3.9 haikubali mfumo huo. Ama chuo kizima kibaki 3.8, ama mashine hizo ziondolewe kwenye somo la programu.

#6 Mzee_wa_Samba (Arusha)

Salaam kwa wote. Binti amesema vizuri, lakini mimi nashikilia kwamba mchawi ni fleshi. Anayefanya kazi na kompyuta za umma katika ukanda huu anakijua kile kirusi kinachozificha folda zako na kukuachia njia za mkato, ambazo ukizibofya zinakiendesha chenyewe kwanza kisha zinakufungulia folda ili usishtuke. Kinasafiri hasa kwa fleshi. Fundi anayezunguka na fleshi yenye faili za usakinishaji ndiye mjumbe wake mwaminifu, kwa kuwa huchomeka kwenye kila mashine, tena akiwa ameingia kwa akaunti ya msimamizi.

Ongeza zile faili za programu za kulipia zilizovunjwa leseni, ambazo ndani yake mara nyingi mna kitu zaidi ya programu. Karani alipoagiza kwamba programu isisakinishwe kutoka mahali pengine, alizifukuza fleshi maabarani bila kuzitaja.

#7 Daftari_Jekundu (Dodoma)

Mimi ni mkaguzi wa ndani, kwa hiyo nitaongea lugha ya mhasibu. Faida ya ghala ni kwamba taasisi inajua ina nini. Chukua Java ya Oracle. Masasisho ya Java 8 yaliyotolewa kuanzia Aprili 2019 yana leseni inayotaka matumizi ya kibiashara yalipiwe, na tangu Januari 2023 kampuni hiyo ilianza kutoza kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa taasisi, hata wasioigusa Java kabisa. Fundi mmoja akipakua faili hiyo kwa nia njema na kuisambaza kwa fleshi, anaiachia taasisi deni ambalo mkurugenzi halijui. Ghala likiwa na OpenJDK pekee, yaani toleo huria la Java, swali hilo linafungwa mlangoni.

Tatizo ni kwamba maghala mengi niliyoyakagua ni folda yenye mafolda yanayoitwa «mpya», «mpya2» na «usiguse». Hilo haliwezi kuitwa ghala. Kila faili inapaswa kuandikiwa ilikotoka, tarehe iliyopakuliwa, alama yake ya SHA256 (namba inayobadilika faili ikiguswa hata kidogo), aina ya leseni na jina la aliyeiingiza.

#8 Shemeji_wa_Seva (Mwanza)

Mkaguzi ameniumbua. Mimi nina «usiguse_kabisa».

#9 Pengwini_wa_Eldoret

Habari zenu. Naona mnashangilia jambo ambalo watu wa Linux wamelala nalo tangu miaka ya tisini. Kwenye Debian au Ubuntu hakuna haja ya kubeba faili moja moja: mfumo huenda kwenye hazina, husoma orodha ya vifurushi, hukagua saini na kuleta pia kila kifurushi kinachotegemewa. Ukiweka apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye seva moja ya ndani, inayosikiliza mlango (port) 3142, tarakilishi ya kwanza inapoomba kifurushi kinapakuliwa na kuhifadhiwa, na zote zinazofuata hukipata humo humo ndani. Hakuna anayelazimika kuchagua faili za kupakua kwa mkono.

Folda ya pamoja na hazina ni vitu viwili tofauti. Folda hailinganishi matoleo wala haihakiki chochote. Ukiweka humo faili iliyoharibika, itawapa watu wote 60 uharibifu uleule kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo mimi siamini kwamba folda ya Karani ndiyo iliyotuliza tarakilishi zake. Nadhani kuna jambo jingine lililofanyika wakati huohuo.

#10 Nyaya_Tupu (Dar es Salaam)

Pengwini, saini hazijawahi kuwa kinga kamili. Januari 2019 iligunduliwa hitilafu ndani ya APT yenyewe, ile programu ya Debian inayoleta vifurushi, CVE-2019-3462, iliyomwezesha mtu aliyekaa katikati ya njia kulaghai ukaguzi na kuingiza kifurushi chake. Debian ilitoa marekebisho haraka, na ilibidi kuwaambia watumiaji wazime ufuataji wa maelekezo ya kuhamishwa anwani wakati wa kusasisha APT. Hilo pia ni jambo la kukumbuka kwa anayeweka seva ya kati, kwa maana hiyo ndiyo inayokaa katikati ya njia.

#11 Karani_wa_Maabara (Morogoro)

Nashukuru kwa michango. Nijibu yaliyoulizwa. Kifurushi chetu ni cha bei ya mwezi isiyobadilika, kwa hiyo Nyaya_Tupu amenipa aya ya kwanza ya barua. Seva ina mlango wa gigabiti. Matoleo yalikuwa vurugu kama alivyoeleza Bintikisauni. Fleshi zilikuwa nyingi kama alivyoeleza Mzee.

Kuhusu shaka ya Pengwini: wiki ileile tuliyofungua ghala, tuliondoa pia haki za msimamizi kwenye akaunti zote za wanafunzi, kwa sababu haikuwa na maana kuagiza watu wasisakinishe huku wakiwa na uwezo wa kusakinisha.

#12 Shemeji_wa_Seva (Mwanza)

Mkuu, hilo ungeliweka kwenye aya ya kwanza, tungekuwa tumelala zamani. Umefunga mlango, umepaka na ukuta rangi, sasa unauliza kwa nini wezi hawaingii na unaisifia rangi.

#13 Mzee_wa_Samba (Arusha)

Mfano ni mzuri, lakini haki za msimamizi hazizuii kile kirusi cha njia za mkato kuchafua fleshi na folda za mtumiaji mwenyewe. Kinaweza kuendeshwa na akaunti ya kawaida kabisa. Kwa hiyo bado fleshi haijaachiwa huru.

#14 Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Nami namkatalia Shemeji, kwa ushahidi wa kwetu. Hospitalini watumiaji hawajawahi kuwa na haki za msimamizi tangu mashine zilipofungwa, na bado tulikuwa tukihangaika hadi tulipoweka ghala. Kwetu sababu ilikuwa jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa: visakinishi vidogo vinavyopakua vilivyobaki kutoka intaneti. Unapakua faili ya MB chache, unaifurahia, unaiweka kwenye fleshi, unafika wodini ambako mtandao ni wa kubahatisha, inaanza kupakua programu nzima na kukatika katikati. Mashine inabaki na programu nusu, isiyofunguka na isiyoondoka.

Tulipojenga ghala tulilazimika kutafuta visakinishi kamili, kwa sababu kisakinishi kidogo hakina maana ndani ya ghala. Chrome ina faili ya MSI, kisakinishi kamili cha Windows, kwa ajili ya taasisi. Ofisi ya Microsoft ina zana yake ya kupakua kila kitu kwanza kwenye folda, kisha kusakinisha kutoka humo. Hata .NET Framework 3.5, ambayo Windows hupenda kuifuata intaneti, ipo tayari ndani ya diski ya usakinishaji kwenye folda ya `sources\sxs`. Unainakili kwenye ghala, mkiwa na toleo lilelile la Windows, na unaielekeza DISM, zana ya Windows ya kuongeza vipengele vyake, huko. Usakinishaji nusunusu ulikwisha, na malalamiko mengi yakaisha nao.

#15 Bintikisauni (Mombasa)

Hoja ya kaka wa Kigoma inaniingia akilini zaidi kuliko yangu kwa upande wa hospitali, lakini haiwezi kueleza maabara yenye intaneti ya uhakika kama ya Karani. Huko visakinishi vidogo vilikuwa vinamaliza kazi, na kila kimoja kilileta toleo jipya la siku hiyo. Tarakilishi iliyosakinishwa Januari na iliyosakinishwa Juni zilitofautiana ingawa faili ni ileile. Hapo tunarudi kwenye matoleo.

Kuna jambo jingine nililoliona kuwa la thamani kubwa, nalo ni kuhifadhi vya zamani. Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Firefox 115 ESR, toleo la msaada wa muda mrefu, imekuwa kimbilio la mashine hizo. Draiva za printa za zamani huondolewa kwenye tovuti za watengenezaji bila taarifa. Nimewahi kuhitaji draiva ya skana ambayo mtengenezaji aliiondoa kabisa, na nilipoitafuta nikaangukia tovuti zenye matangazo kumi na vitufe vitatu vya kupakua, vyote vya uongo. Iliyonusurika ilikuwa ndani ya ghala letu.

#16 Daftari_Jekundu (Dodoma)

Naunga mkono, kwa sharti kwamba vya zamani vikae kwenye folda yake yenye onyo. Bado nakuta kisakinishi cha Flash, ile ya kuonyesha video na michezo kwenye kivinjari, kwenye maghala, ilhali Adobe iliacha kuitegemeza tarehe 31 Desemba 2020 na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasionyeshwe. Kukihifadhi sasa ni kuhifadhi tundu.

Na kabla hatujalifanya ghala kuwa dawa ya kila kitu, mkumbuke programu ya kusafisha kompyuta, CCleaner 5.33 ya Agosti 2017. Wadukuzi waliingiza msimbo wao ndani ya toleo la biti 32, likatoka kwa mtengenezaji mwenyewe likiwa na saini yake halali, na kugunduliwa Septemba. Ghala lenye kanuni zangu zote lingelipokea kwa mikono miwili, likaliandikia SHA256 na kulisambaza kwa kila mashine kwa siku moja.

#17 Pengwini_wa_Eldoret

Au lisingelipokea kabisa, ikiwa ghala lina desturi ya kuacha toleo jipya likae kwanza kabla ya kuingizwa. Kucheleweshwa huko ndiko kulikosaidia wengi Machi 2024, pale mlango wa siri ulipogunduliwa ndani ya xz, zana ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mgunduzi, Andres Freund, alianza kwa kushangaa mbona SSH, huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inatumia kichakataji kuliko kawaida. Matoleo hayo yalikuwa yamefika kwenye Debian ya majaribio, hayakuwa yamefika kwenye Debian thabiti. Waliotumia thabiti walilindwa na ukawiaji.

#18 Nyaya_Tupu (Dar es Salaam)

Ukawiaji huohuo ndio uliowaponza wengine. Microsoft ilitoa kiraka cha MS17-010 tarehe 14 Machi 2017. WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, ililipuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo, ikapita kwenye mashine ambazo zilikuwa bado hazijawekewa kiraka hicho, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kwa hiyo «acha likae kwanza» inafaa kwa programu za kawaida. Viraka vya usalama vya mfumo vinahitaji njia yake.

#19 Mzee_wa_Samba (Arusha)

Umenitangulia. WannaCry ilipita kupitia SMB toleo la 1, itifaki ya kushiriki folda kwenye mtandao ambayo wengi wetu tuliiwasha kwa makusudi ili folda ya pamoja ionekane kwenye mashine kuukuu. Wanaojenga ghala leo waizime kabisa. Windows 7 yenyewe inaielewa SMB 2.1, hivyo Karani hana kisingizio. Faili ziwe za kusoma tu kwa kila mtu, na uwezo wa kuandika abaki nao mtu mmoja au wawili, tena kwa akaunti tofauti na wanayoitumia kila siku. Ghala ambalo kila mtu anaweza kuandika ni fleshi moja kubwa iliyochomekwa kwenye mashine zote kwa wakati mmoja.

Jingine litakalomkuta akihamia Windows 11: kuanzia toleo la 24H2, SMB inadai saini, na toleo la Pro halikubali tena kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Folda zile za «kila mtu aingie tu» zitaonekana zimekufa ghafla, na watu watailaumu swichi. Akitumia sera za kikundi (Group Policy) kusakinisha MSI, asitoe ruhusa kwa watumiaji peke yao. Programu iliyopangiwa kompyuta husakinishwa kabla mtu hajaingia, kwa hiyo akaunti ya kompyuta yenyewe lazima iweze kusoma folda, na njia iandikwe kwa jina la seva badala ya herufi ya diski.

#20 Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Mzee, vipi kuhusu WSUS, seva ya Microsoft ya kugawa masasisho, kwa zile za Windows?

#21 Mzee_wa_Samba (Arusha)

Ipo na inafanya kazi, ingawa Septemba 2024 Microsoft ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Mwenye nayo aisasishe bila kuchelewa: Oktoba 2025 ilitangazwa hitilafu CVE-2025-59287, ambayo humruhusu mshambuliaji kuendesha msimbo kwenye seva hiyo bila kuingia, na kiraka cha kwanza hakikutosha hadi kikatolewa kingine cha dharura tarehe 23. Mlango 8530 usionekane nje kamwe.

#22 Shemeji_wa_Seva (Mwanza)

Kwa hiyo ghala linaweza kudukuliwa, saini zinaweza kudanganya, kuchelewa kunaua na kuwahi kunaua. Karani, mwandikie mhasibu kwamba faida ya seva ni kutupatia sisi mazungumzo.

#23 Pengwini_wa_Eldoret

Shemeji apuuzwe kwa heshima. Kuna faida mbili ambazo hazijatajwa. Ya kwanza: taasisi nzima huonekana nje kwa anwani moja ya IP, na baadhi ya hazina za mbali huweka kikomo kwa anwani. Docker Hub, hazina ya programu zilizofungashwa tayari kuendeshwa, ilianza hivyo Novemba 2020, ikiwawekea wasiojisajili kikomo cha upakuaji 100 kwa saa sita. Darasa la watu 40 linafikia kikomo hicho kabla mwalimu hajamaliza utangulizi. Hifadhi ya ndani inapakua mara moja na kuwagawia wote.

Ya pili ni siku za kukatika. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja karibu na Durban, intaneti ya kanda hii ilizorota kwa siku kadhaa. Waliokuwa na hazina ya ndani waliendelea kusakinisha.

#24 Nyaya_Tupu (Dar es Salaam)

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12. Naikumbuka kwa sababu Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hata hivyo siku hizo zilikuwa chache, na Karani anaeleza muhula mzima.

#25 Karani_wa_Maabara (Morogoro)

Nimerudi na daftari. Nimelipitia kwa kulinganisha muhula wa kabla na muhula huu. Malalamiko ya virusi na folda kupotea yalikoma karibu mara moja. Malalamiko ya faili kutofunguka kwenye mashine nyingine yalipungua polepole, na yakaisha tulipokamilisha kusakinisha upya maabara ya pili. Malalamiko ya programu kukwama wakati wa kusakinishwa yalikuwa machache tangu zamani. Malalamiko ya intaneti kuwa nzito yamebaki vilevile.

#26 Mzee_wa_Samba (Arusha)

Yaliyokoma mara moja ni ya fleshi. Nimemaliza.

#27 Bintikisauni (Mombasa)

Na yaliyofuata mwendo wa usakinishaji upya ni ya matoleo, Mzee. Kama ingekuwa haki za msimamizi peke yake, maabara zote mbili zingetulia wiki moja.

#28 Shemeji_wa_Seva (Mwanza)

Au kusakinisha upya kwenyewe ndiko kulikoziponya. Mashine iliyofutwa na kuanza upya hutulia hata ukiisakinisha kwa fleshi ya shetani, angalau kwa muhula mmoja. Hilo nasema bila utani.

#29 Daftari_Jekundu (Dodoma)

Hoja ya Shemeji ni nzito kuliko anavyofikiri. Ili kuijaribu, ingebidi maabara moja irudishiwe haki za msimamizi kwa muhula mmoja huku ghala likibaki, au ghala lizimwe huku haki zikibaki zimeondolewa. Mhasibu hawezi kuidhinisha jaribio la kuharibu kilichotulia. Katika barua, Karani aandike yaliyopungua na lini yalipungua, aorodheshe hatua tatu zilizochukuliwa pamoja, asidai zaidi ya hapo.

Nina swali moja la ukaguzi. Seva hiyo ina diski ngapi?

#30 Karani_wa_Maabara (Morogoro)

Moja.

#31 Nyaya_Tupu (Dar es Salaam)

Basi barua hiyohiyo iombe fedha za ya pili, na ikae kwenye mashine nyingine badala ya sanduku lilelile. Rsync, zana ya kunakili mabadiliko tu, ikiendeshwa usiku inatosha.

#32 Kigoma_Mwisho_wa_Reli

Wakati fedha zinasubiriwa, usihangaike kunakili ghala zima. Chrome na LibreOffice utazipakua tena wakati wowote. Anza leo na zile draiva za vifaa vya kupimia udongo pamoja na usakinishaji wa Windows 7 unaozitegemea, kwa sababu hizo hakuna atakayekuuzia.